Everest Base Camp kutoka Tanga: safari nyota 5, ofisi iliyotuuzia nyota 1

Tangu nirudi kila nikikatiza Ngamiani nasimamishwa, "dada vipi, huko Nepal kukoje, bei gani, uliona Everest?", najibu nusu bodaboda inaniita, kwa hiyo ngoja niandike lote mara moja. Naanza na maksi kabisa ili mwenye haraka asome aondoke. Njia yenyewe ya kwenda Everest Base Camp, kambi iliyo chini ya kilele cha Everest, nyumba za kulala wageni, chakula, mwongozaji na mpagazi wetu, nyota 5 bila kufikiria. Ofisi ya Kathmandu, mji mkuu wa Nepal, iliyotuuzia safari, nyota 1, na hiyo 1 nawapa kwa sababu walituletea mwongozaji yule. Jina lao silitaji ila tabia yao nitaieleza yote, maana naamini siyo ofisi moja tu inayofanya hivyo.

Tulikuwa wawili, mimi na bint mjomba wangu wa Pangani. Hela tulikusanya kwenye kikoba miaka miwili na nusu. Mazoezi kila Jumapili Magoroto kule Muheza, na mara mbili tukaenda Lushoto tukapanda mpaka msitu wa Magamba. Na Kilimanjaro tulishapanda, njia ya Machame, wote tukafika Uhuru. Hili la Kilimanjaro likumbukeni, nitalirudia chini.

Bei sasa. Tulilipa dola 1,350 kila mtu, ndani yake kuna ndege ndogo ya kwenda na kurudi Lukla (kule milimani ambako kutembea kunaanzia), vibali viwili (cha hifadhi ya Sagarmatha na cha halmashauri ya Khumbu Pasang Lhamu), mwongozaji, mpagazi mmoja wa sisi wawili, kulala na milo mitatu. Nje yake unajilipia mwenyewe tiketi ya Dar kwenda Doha halafu Kathmandu, viza dola 50 ya siku 30 ambayo Mtanzania anaichukua palepale eapoti akishuka, bima, bakshishi (na wao wanasema hivyohivyo, bakshis), pamoja na vitu vidogovidogo vinavyokula hela kimyakimya: maji, chai ya ziada, kuchaji simu, waifai, maji moto ya kuoga. Hivi vidogo vinapanda bei kadiri unavyopanda mlima na mi siwalaumu, kwa sababu hakuna barabara ya gari toka Lukla kwenda juu, kila kijiko na kila mtungi wa gesi umepandishwa mgongoni kwa mtu au kwa mnyama, au umeletwa na helikopta. Juu kabisa kuchaji simu tu nililipa rupia 500. Beba paua benki kubwa.

Nguo za baridi: jaketi langu la manyoya ya bata nililipata mitumba hapahapa Ngamiani, zito, zipu nzima, na huko Thamel, mtaa wa wageni pale Kathmandu, nikakuta yanayofanana nalo yanauzwa hela ndefu. Slipingi begi usinunue, kodisha Thamel.

Mwezi wa kumi watalii wanafurika, kwa hiyo ndege nyingi za Lukla hawazirushi Kathmandu, wanazirushia uwanja wa Manthali, Ramechhap. Maana yake saa 8 usiku unapakiwa kwenye gari, kona masaa manne na zaidi, alfajiri uko kwenye kiwanja kidogo umejikunyata na mabegi. Siku yetu ukungu ukagoma. Tukakaa mpaka jioni hakuna kilichoruka, tukalala pale. Hiyo siyo kosa la mtu, ni mlima, na kila anayeenda anatakiwa aweke siku mbili za akiba. Kesho yake tukaruka, dakika kama 20 hivi, ndege ya viti vichache, bint mjomba kanishika mkono anasoma kila dua anayoijua, maana uwanja wa Lukla una mita 527 tu. Chukua viwanja vitano kama cha Mkwakwani uvipange kichwa kwa miguu, ndio uwanja mzima huo, umeinama, upande mmoja korongo na upande mwingine ukuta wa mlima. Rubani alitua kama anaweka kikombe mezani. Watu wakapiga makofi, na mi nikapiga kwa moyo wote.

Ukitoka Lukla kuna geti la kumbukumbu ya Pasang Lhamu Sherpa, mwanamke wa kwanza wa Nepal kufika kilele cha Everest, mwaka 1993, alifariki wakati wa kushuka. Ile halmashauri imepewa jina lake. Nilisimama pale kidogo, nikamsomea mwenzangu yaliyoandikwa, halafu ndio tukaanza kutembea.

Sasa utamu wa safari, na hapa lazima nikae. Kilimanjaro unapita msituni na jangwani, unalala kambini, watu unaowaona ni wapandaji na wagumu waliobeba mizigo. Huku unapita kwenye vijiji vya watu. Unapishana na watoto wa shule, bibi anaanua nguo, mwanamke anachimba viazi. Unavuka mto Dudh Koshi kwenye madaraja ya kamba za chuma yanayoning'inia juu sana, unasubiri msururu wa yak, ng'ombe wa huko wenye manyoya marefu, upite kwanza, na mwongozaji anakwambia simama upande wa mlima, usisimame upande wa korongo, mnyama akikusukuma basi. Kwenye kuta za mawe yaliyochongwa dua zao unapita ukuta ukiwa mkono wako wa kulia, na sisi tulifanya hivyo bila ubishi, ni heshima ya wenyeji.

Lugha ndio ilinifurahisha zaidi. Mwongozaji alituita didi, maana yake dada mkubwa, na sisi tukamwita bhai, mdogo wetu wa kiume, tukamaliza safari hivyo. Chai ni chiya, achari ni achar, kitabu ni kitab, dunia ni duniya. Nyumba ya kwanza tuliyolala Phakding tuliletewa sahani ya wali, dali, mchicha, viazi vya bizari na achari pembeni, bint mjomba akanitazama akasema "mbona tumerudi nyumbani". Hiyo inaitwa dal bhat na ukimaliza wanakuongeza bure mpaka useme basi. Sisi Waislamu imetuokoa kabisa. Nyama ya huko juu msile, sio kwa uhalali tu, wenyeji wa Khumbu, eneo lote hili la Everest, ni Mabudha na kwao kuchinja hakuruhusiwi, kwa hiyo nyama inapandishwa kwa miguu toka chini siku kadhaa bila friji. Kula dali, kula mayai, kula supu ya kitunguu saumu ambayo wanaapa inasaidia kwenye urefu ule, mimi sina uhakika na dawa yake ila ina moto mzuri kifuani.

Vyumba msitegemee hoteli. Ukuta wa mbao nyembamba, jirani akigeuka unamsikia, vitanda viwili, blanketi, hakuna cha kupasha joto chumbani. Joto liko ukumbini tu jioni, jiko la bati katikati, na juu kule ambako miti imeisha wanachoma mavi ya yak yaliyokaushwa. Halinuki vibaya, nilishangaa. Wote mnalizunguka, Mjerumani, Mkorea, mpagazi, mama mwenye nyumba, soksi zimeanikwa juu ya kamba. Usiku lala na chupa yako ya maji na simu ndani ya slipingi begi, la sivyo asubuhi maji ni jiwe na chaji imeisha.

Mpagazi wetu alikuwa kijana mwembamba, mzigo kaubeba kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, wanauita namlo, na mkononi fimbo fupi yenye umbo la T. Akichoka hakai chini, anaichomeka ile fimbo nyuma chini ya mzigo, anasimama, anapuliza mluzi mrefu wa pumzi, anaendelea. Mimi nafanya klia bandarini, naona watu wanabeba mizigo kila siku ya Mungu, lakini kuna wapagazi wa mizigo ya biashara kule nimewaona na mbao za kujengea mgongoni, ndefu kuliko wao, wanapanda ngazi za mawe za Namche na kandambili. Unayebebewa begi ukifika Lukla ujue jina la mpagazi wako na uone nguo zake kabla hujaona kitu kingine. Wetu hakuwa na glavu, ofisi ilituambia kwenye simu "wapagazi wetu wana vifaa vyote". Tulimnunulia Namche.

Namche Bazaar, mita 3,440, ni mji kweli, umekaa kama bakuli lililopasuliwa upande mmoja, kuna benki, mikate, dawa, gulio la Jumamosi. Tulilala usiku mbili, siku ya katikati tukapanda juu tukashuka kulala palepale, ndivyo mwili unavyozoeshwa. Mpaka hapo hakuna aliyeumwa hata kichwa.

Sasa ofisi. Ratiba tuliyolipia ilikuwa na mapumziko mara mbili, Namche na Dingboche. Jioni ya mwisho Namche simu ikaja toka Kathmandu, kwamba ile siku tuliyopoteza Manthali lazima ifidiwe, tiketi za kurudi zimeshakatwa, kwa hiyo mapumziko ya Dingboche yanaondolewa. Mwongozaji alibisha, nilimsikia, lugha sielewi ila sauti ya mtu anayekataa naijua. Halafu bosi akataka kuongea na mimi. Akaniuliza, nyie si mmepanda Kilimanjaro? Nikasema ndio. Akasema basi, Kilimanjaro ni mita 5,895, Base Camp ni 5,364, hamna shida. Nikakubali. Ilisikika kweli, na hesabu ni ya kweli, Uhuru iko juu kuliko kambi ile kwa zaidi ya mita 500.

Nisikilizeni hapa vizuri. Kilimanjaro unalala Barafu, mita 4,673, usiku wa manane unapanda, unagusa Uhuru, unapiga picha, unakimbia chini, siku hiyohiyo umesharudi kwenye hewa ya kutosha. Huku unalala juu. Unalala Lobuche 4,940, unalala Gorak Shep 5,164, usiku mzima, mwili umelala na hewa ya oksijeni ni karibu nusu ya tuliyoizoea hapa pwani. Kanuni ya madaktari wa milimani, ukishapita mita 3,000 usiku wa leo usizidi wa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu nne upumzike. Sisi Tengboche tulilala 3,867, kesho yake Dingboche 4,410, kesho yake Lobuche 4,940. Toa mwenyewe. Usiku mbili zaidi ya mita 1,000, na siku ya mapumziko iliyowekwa makusudi katikati hapo ndiyo waliyoitoa.

Kabla ya Lobuche kuna kilima cha Thukla, juu yake mawe yamepangwa kama makaburi na bendera za dua, kumbukumbu za watu waliofia mlimani. Tukapumzika pale, bint mjomba akasema kichwa kinamgonga. Kufika Lobuche hakula, ile supu akaitapika. Saa 4 usiku akataka kwenda chooni, nikamwona anapapasa ukuta kama mtu aliyekunywa, na yeye hajaonja pombe maishani mwake. Nikamwita mwongozaji.

Alichofanya sitakisahau. Alimtoa uani, akawasha tochi ya kichwani, akachora mstari kwenye vumbi kwa ncha ya fimbo, akamwambia didi tembea juu ya mstari, kisigino mbele ya kidole, polepole, bistari bistari. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu akaanguka pembeni na nikamdaka. Mwongozaji hakusema neno kwetu, alipiga simu ofisini. Ofisi ikajibu msubiri asubuhi, tutaleta helikopta, bima yao italipa. Akasema hapana, usiku helikopta hairuki na asubuhi ni mbali, huyu ubongo unavimba, anashuka sasa hivi. Akakata simu. Bosi akapiga tena, hakupokea.

Tulishuka usiku ule, mwongozaji na mpagazi wamemshika huku na huku, mi nyuma na mabegi madogo, baridi inakata masikio, mawe, tochi tatu. Tulifika Pheriche kama saa 8 usiku. Pale kuna zahanati ya Himalayan Rescue Association, wapo tangu miaka ya 70, misimu ya utalii wanakuwa na madaktari. Tuligonga wakafungua. Wakamwekea oksijeni, wakamchoma sindano, daktari akaniambia kushuka usiku uleule ndiyo tiba kubwa, oksijeni na dawa zinasaidia tu. Asubuhi bint mjomba akaniuliza kama nimeswali. Nikajua amerudi.

Daktari akasema kupanda tena basi kwake, ashuke zaidi. Mpagazi akampeleka Namche, sehemu akipanda farasi. Mi sikutaka kuendelea. Yeye ndiye aliyenifukuza, akasema hela ya kikoba ni ya wote wawili, nenda uishike kwa niaba yangu. Nikapumzika Pheriche siku nzima, ile siku tuliyonyang'anywa, ndio nikapanda na mwongozaji.

Kambi yenyewe niseme ukweli ili msije mkaumia roho. Mwezi wa kumi mahema ni machache au hakuna kabisa, wapandaji wa kilele wengi wanakuja Aprili na Mei. Utakachokuta ni mawe juu ya barafu, bendera za dua za rangi tano, jiwe kubwa lililoandikwa kwa rangi nyekundu, na foleni ya watu wa picha. Na kilele cha Everest hapo hukioni, kimefichwa na milima iliyo mbele. Kuna mtu mbele yangu alikuwa amekasirika kabisa anasema amedanganywa. Mi sikukasirika. Niliketi nikaangalia lile poromoko la barafu la Khumbu, la bluu kwa ndani, linateremka kama mto uliosimamishwa, na kila baada ya dakika kadhaa linalia, linapasuka huko ndani, sauti ya bati zito likikunjwa. Watanzania wenzetu wamepita hapo juu kwenda kileleni, Wilfred Moshi 2012 na Rawan Dakik 2021. Kuangalia tu njia yenyewe ilitosha magoti yangu kulegea. Nikalishika lile jiwe kwa mikono miwili, mmoja wa kwangu.

Everest unaiona ukiwa juu ya kilima cha Kala Patthar. Toka Gorak Shep saa 10 alfajiri, hatua kumi pumzika, hatua kumi pumzika, na jua linapotokea nyuma yake unaiona nyeusi, butu, milima ya mbele, Nuptse iliyo karibu, inaonekana mirefu kuliko yenyewe mpaka uelekezwe. Mita 8,848.86 hiyo. Usiku uliotangulia maji yote ya Gorak Shep yalikuwa barafu, nikatayamamu kwenye jiwe, nikauliza magharibi ni wapi. Huku Tanga tunaelekea kaskazini, kule kibla ni magharibi. Mwongozaji yeye Mbudha, akaninyooshea mkono halafu akasimama mlangoni kuzuia watu wasinipite mbele mpaka nikamaliza.

Namche nikamkuta bint mjomba jikoni kwa mama mwenye nyumba anamenya viazi, rangi imerudi, anajua maneno ya Kinepali mengi kuliko mimi. Alilia aliposikia habari ya jiwe, halafu akataka kujua barafu inaliaje.

Ofisi haikuishia hapo. Lukla tukaambiwa tuna deni la dola 280 la "siku za ziada", bila hizo tiketi za kurudi hatupewi. Siku za ziada! Tungepewa siku ya Dingboche tuliyoilipia labda hizo zingine zisingehitajika. Nililipa kwa sababu nilikuwa na mgonjwa. Tangu nirudi nimewatumia ujumbe wasapu mara nne na risiti zote, tiki mbili za bluu, kimya. Na niliporudi Kathmandu nimewasikia wageni wengine wawili wakisimulia helikopta kuitiwa mtu anayeweza kushuka kwa miguu, kisa bima inalipa.

Kwa hiyo anayetaka kwenda, na nataka muende, chukueni ratiba kwa maandishi, jina la kijiji, mita za kila usiku, na sentensi inayosema siku za mapumziko haziondolewi hata ndege ikichelewa. Ofisi ikikataa kuandika hiyo sentensi, tafuta nyingine. Ofisi ikikupa bei nafuu kwa siku 10, uliza wamekata ipi. Muulize mwongozaji siku ya kwanza kabisa, mbele ya bosi wake, mgonjwa akizidiwa usiku nani anaamua, na jibu liwe yeye.

Yule wetu sasa hivi hayuko tena na ofisi ile, alinijulisha mwenyewe, anafanya kazi peke yake. Amenipa ruhusa ya kumuunganisha na watu wa kwetu. Anayetaka aniulize ana kwa ana bandarini au nyumbani Chumbageni, na lile jaketi la mitumba lipo, nimelifua na kulianika, anayepata safari ya Aprili naliazima bure, bint mjomba tu ndiye ana haki ya kwanza. Daktari wa huku amemcheki akasema mzima, na keshaanza tena kuweka hela ya kikoba.